Kuisoma Mirihi kupitia InSight: mwongozo kwa mwenye simu, kikokotoo na subira

Chombo kikitua kwenye sayari nyingine, wengi wetu tunasubiri picha mbili tatu za kupendeza, tunazisambaza, kisha basi. Ila kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, na rekodi zake karibu zote zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kinachokosekana ni mtu wa kukuonyesha pa kuanzia.

Nimechagua InSight, chombo cha NASA kilichotua Mirihi mwaka 2018, ingawa hakina umaarufu wa wenzake wenye magurudumu. Hakikusogea hata hatua moja. Kilikaa pale pale miaka minne kikisikiliza ardhi, kikapoteza umeme, kikanyamaza Desemba 2022. Kwa anayejifunza hiyo ni faida: mandhari haibadiliki, vifaa ni vichache, na kumbukumbu zake zina mwanzo na mwisho.

Shika jambo moja tangu sasa, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Chombo hakihisi sayari peke yake, kinajihisi na chenyewe pia: mkono wake ukisogea, chuma chake kikisinyaa kwa baridi, upepo ukikipiga ubavuni. Kila unapoona alama kwenye picha au kwenye grafu, swali la kwanza ni hili: hii ni ya Mirihi, au ni ya mashine?

Andaa daftari, kikokotoo, simu yenye programu ya phyphox (ni ya bure), kijiko, feni na sufuria. Ndiyo, sufuria.

Hatua ya 1: Jua ni saa ngapi, na saa ya nani

Siku ya Mirihi, ambayo wahandisi huiita soli, ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Siku ya kutua ni soli 0, kisha hesabu inaendelea. Ukitaka kugeuza soli kuwa siku za huku kwetu, zidisha kwa 1.0275.

Halafu kuna ucheleweshaji. Habari kwamba InSight imetua ilifika duniani tarehe 26 Novemba 2018, saa 4:52 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Wakati huo chombo kilikuwa kimeshakaa chini kwa dakika nane hivi, maana mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru na hayana njia ya mkato. Umbali kati ya sayari hizi mbili hubadilika, kwa hiyo safari ya mawimbi huchukua kuanzia dakika 3 hadi 22. Ndiyo maana hakuna mtu anayekiendesha chombo kama hiki kwa usukani. Wahandisi huandika amri za siku nzima, wanazituma, kisha wanangoja kuona zimeleta nini.

Kwenye daftari, kila unachokichunguza kiandikie soli, saa ya huko (asubuhi, adhuhuri, jioni) na tarehe ya kwetu. Ile saa ya huko ndiyo itakayokusaidia zaidi, utaona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Soma jina la faili kabla ya picha

InSight ilikuwa na kamera mbili. Moja ilikuwa chini ya sitaha, imekazwa, ikitazama eneo la kazi mbele ya chombo. Nyingine ilikuwa kwenye mkono wa roboti. Picha zake ghafi ziko kwenye tovuti ya NASA, na majina ya faili yanatisha mpaka ujue namna ya kuyakata. Chukua hili:

C000M0000_596533559EDR_F0000_0106M_

Herufi ya kwanza ni kamera: C ni ile ya chini ya sitaha, D ni ile ya mkononi. Tarakimu nne zilizo kabla ya kistari cha chini cha kwanza ni soli, na hapa ni 0000, yaani siku ya kutua. Namba ndefu inayofuata ni saa ya chombo: idadi ya sekunde tangu adhuhuri ya tarehe 1 Januari 2000. Gawa 596533559 kwa 86,400 upate siku 6,904 na sehemu yake. Hesabu siku hizo kuanzia mwaka 2000 na utaangukia tarehe 26 Novemba 2018, usiku wa huku kwetu. Kwa mgawanyo mmoja umeitambua picha ya kwanza kabisa ya InSight bila kusoma maelezo ya mtu yeyote.

Hatua ya 3: Kwenye picha ya kwanza, ondoa mashine

Ifungue sasa picha hiyo. Imejaa madoa meusi. Usiseme ni mawe wala usiseme ni wadudu (kuna watu walisema). Kamera ilikuwa bado imefunikwa kwa kifuniko kinachopitisha mwanga, na madoa hayo ni vumbi lililorushwa na injini za kutua likagandama juu yake. Kifuniko kilipofunguliwa siku chache baadaye picha ikasafika, ila si kabisa.

Kisha tazama chini, penye mguu wa chombo. Injini zilifukua mchanga zikaacha mashimo chini ya sitaha, na jiwe moja dogo, kubwa kidogo kuliko mpira wa gofu, lilisukumwa likaviringika karibu mita moja likaacha alama za vishimo nyuma yake. Ukikuta alama hizo bila kujua habari hii, ni rahisi kutunga hadithi ndefu juu ya upepo wa Mirihi. Chombo kikitua kinaharibu kidogo kile kilichokuja kukipima, na hilo halina dawa.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi tu. Mwaka 1976, picha ya kwanza ya rangi ya Viking 1, chombo cha NASA kilichotua Mirihi mwaka huo, ilitolewa ikiwa na anga ya bluu, kisha ikasahihishwa: anga ya kule ina wekundu wa vumbi. Picha ghafi hazijasawazishwa. Tumia maumbo na vivuli, rangi iache kwa wataalamu.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa kugusa

Kukaa juu ya sayari ni jambo moja, kuigusa ni jambo jingine. InSight ilikuwa na mkono wa mita 1.8 wenye kishikio na kijiko cha kuchotea. Kabla ya kushusha kifaa chochote, kamera ya mkononi ilisogezwa huku na huku ikapiga eneo lile lile kutoka pembe tofauti, na kutokana na tofauti hizo ikatengenezwa ramani ya vimo vya kila jiwe na kila mteremko. Huko Pasadena, California, wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, walilisawiri eneo hilo ndani ya chumba, wakaweka chombo pacha, wakafanya mazoezi ya kila mwendo kwanza.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua picha mbili za kamera D za soli moja zinazoonyesha jiwe moja kwa pembe tofauti kidogo. Ziweke pembeni kwa pembeni, pima kwa rula jiwe limehama kiasi gani ukilinganisha na la nyuma yake. Lililohama zaidi ndilo lililo karibu zaidi na kamera.

Ajali za kugusa hutokea hata kwa waliojiandaa. Machi 1982 chombo cha Kisovieti, Venera 14, kilitua Zuhura kikiwa na mkono wa springi wa kupima ugumu wa udongo. Mkono ukaanguka sawasawa juu ya kifuniko cha lenzi ambacho chombo chenyewe kilikuwa kimekitupa chini. Kikakipima kifuniko chake.

Hatua ya 5: Sikiliza ardhi

Hapa ndipo pa kukaa zaidi.

Viking 2 ilikuwa na kipima mitetemo kilichofungwa juu ya sitaha, na sehemu kubwa ya ilichonasa ni chombo kutikiswa na upepo. Cha Viking 1 hakikufunguka kabisa. InSight ilijifunza kutokana na hilo. Kipima mitetemo chake, SEIS, kilichosimamiwa na shirika la anga la Ufaransa, CNES, kilinyanyuliwa na mkono tarehe 19 Desemba 2018 kikawekwa juu ya ardhi yenyewe, kama mita 1.6 mbele ya chombo. Februari 2019 kikafunikwa kwa kuba lenye sketi ya pete za chuma inayokaa juu ya udongo hata pasipo sawa. Vihisio vyake vikuu vilifungwa ndani ya tufe lisilo na hewa, na tufe hilo ndilo lililochelewesha safari: lilivuja kabla ya kurushwa, ile nafasi ya Machi 2016 ikapotea, na nafasi nyingine ya kwenda Mirihi haiji mpaka ipite miezi 26.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu SEIS iliweza kuhisi ardhi ikisogea kwa kiasi kidogo kuliko upana wa atomu. Ukiwa na sikio la namna hiyo, kila kitu ni kelele.

Fanya zoezi hili. Fungua phyphox, chagua kipimo cha mchapuko, weka simu juu ya meza. Gonga meza taratibu kwa kijiko: mstari unaruka. Washa feni ielekee mezani na ugonge tena kwa nguvu ile ile. Mstari umenenepa, na kugonga kwako kumezama ndani yake. Sasa hamisha simu sakafuni, rudia. Mwisho ifunike kwa sufuria iliyopinduliwa, bila sufuria kuigusa simu. Tofauti ya meza na sakafu ndiyo tofauti ya Viking na InSight. Simu haina usikivu wa SEIS hata chembe, kwa hiyo usishangae ukilazimika kugonga kwa bidii.

Ukishazoea, nenda kwenye grafu za SEIS zenyewe. Utakazokutana nazo sana ni spektrogramu: muda unakwenda kulia, masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yanapanda juu, rangi inaonyesha nguvu. Tazama soli moja nzima. Mchana utaona imejaa rangi, huo ni upepo. Jua likizama upepo hutulia, grafu inakuwa giza na kimya kwa saa kadhaa. Matetemeko mengi yalinaswa kwenye utulivu huo wa jioni. Hiyo haina maana kwamba Mirihi hutetemeka jioni tu. Ya mchana yanafunikwa.

Hata kwenye ukimya huo mashine haikunyamaza. Jua likizama utakuta milio mifupi mikali: ni vipande vya kifaa vikisinyaa kwa baridi. Joto la hewa lilikuwa likipanda na kushuka vibaya sana. Soli moja ya Februari 2019 ilirekodi nyuzi hasi 17 za Selsiasi mchana na hasi 95 usiku. Waya wa kuunganisha SEIS na chombo nao ulikuwa ukitoa milio kwa sababu hiyo hiyo, mpaka mwaka 2021 timu ikaamua kuumwagia udongo kwa kijiko cha mkono ili usipate baridi ghafla.

Tetemeko la kweli utalijuaje? Tafuta mawimbi mawili. La kwanza, P, hufika mapema. La pili, S, huja nyuma kwa mwendo wa polepole, mara nyingi likiwa na nguvu zaidi. Pengo kati yao ndilo linalokupa umbali, na pengo likiwa pana chanzo kiko mbali. Kwa matetemeko ya karibu hapa duniani, watu huzidisha sekunde za pengo kwa kilomita 8 kupata makisio ya haraka. Kwa Mirihi usitumie kanuni hiyo, maana miamba yake ni mingine. Kwa njia hii, na kwa kutazama mawimbi yalitokea upande gani, kituo kimoja kiliweza kuonyesha kwamba matetemeko kadhaa makubwa yalitoka kwenye nyufa za Cerberus Fossae, zaidi ya kilomita 1,500 mashariki.

InSight ilinasa matetemeko zaidi ya 1,300. Mawimbi yaliyopita ndani kabisa ya sayari yakarudi ndiyo yaliyopima kiini chake. Mwaka 2021 nusu kipenyo chake kilikadiriwa kilomita 1,830. Mwaka 2023 wachambuzi wakakipunguza, wakasema juu yake kuna tabaka la mwamba ulioyeyuka ambalo mwanzo lilihesabiwa kuwa sehemu ya kiini. Sayari ni ile ile, kilichobadilika ni usomaji.

Hatua ya 6: Usitegemee udongo ukutii

Kifaa cha pili kilikuwa cha Wajerumani, kutoka shirika la DLR: fuko, msumari wa sentimita 40 wenye nyundo ndani, uliotakiwa kujichimbia hadi mita 5 na kupima joto linalotoka ndani ya sayari. Ulianza kugonga tarehe 28 Februari 2019. Ukaingia sentimita 35 hivi, ukakwama.

Zifuate picha za kamera D kuanzia hapo, kwa sababu ni darasa zuri. Tazama shimo: ni pana kuliko fuko lenyewe, kingo zake zimesimama wima. Udongo wa pale juu umeshikamana kama gamba, haukuporomoka kulibana fuko. Na fuko lilihitaji kubanwa. Kila nyundo inapopiga, kifaa kinarudi nyuma kidogo, na msuguano wa udongo ndio unaokizuia. Bila msuguano kinaruka pale pale.

Timu ikatumia mkono kulibana kwa ubavu, likasogea. Mwisho wa Oktoba 2019 likatoka nje karibu nusu. Wakalisukuma kwa juu, wakafukia, wakashindilia. Mwishowe lilikuwa limezama lote, kichwa chake kikiwa sentimita 2 au 3 tu chini ya uso. Tarehe 9 Januari 2021 likapigwa nyundo 500 za mwisho bila kusogea, wakaacha. Wengi wanaliandika kama aibu. Mimi naliona ndilo lililotuambia wazi zaidi udongo wa pale ukoje, kwa sababu lilisanifiwa kwa udongo wa namna nyingine.

Kabla yake Phoenix, chombo kingine cha NASA kilichotua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008, kilichota udongo ukagoma kupita kwenye chekecheo la tanuri, umegandamana. Lakini Phoenix ndicho kilichotupa zoezi bora kuliko yote ya kulinganisha picha. Tafuta picha za mtaro wake za soli ya 20 na ya 24. Kwenye ya kwanza kuna vipande vyeupe pembeni mwa mtaro, kwenye ya pili vimetoweka. Chumvi haitoweki hivyo. Ilikuwa barafu, imegeuka mvuke moja kwa moja.

Hatua ya 7: Weka hali ya hewa pembeni ya kila grafu

Hatua fupi, ila wanaoiruka hujuta. InSight ilipima upepo, joto na kanieneo ya hewa. Ukiona mtetemo, fungua kanieneo ya dakika hizo hizo. Ikiwa imeshuka ghafla na kurudi, ulichokinasa ni kinyamkela, kile kimbunga kidogo cha vumbi, kilichopita karibu na kuivuta ardhi juu kidogo. Vifaa vilihisi maelfu ya hivyo, na kamera hazikupiga picha ya hata kimoja.

Hatua ya 8: Fuatilia umeme

Mwanzoni paneli mbili za sola zilitoa karibu wati-saa 5,000 kwa soli. Katikati ya 2022 zilibaki 500 hivi. Kati hapo ni vumbi tu. Fungua picha za paneli za mwezi wa kwanza na za mwaka wa mwisho uone.

Mei 2021 timu ilijaribu hila ambayo ukiisikia unadhani ni mzaha: kumwaga mchanga zaidi, kwa kijiko, karibu na paneli iliyojaa vumbi wakati upepo unavuma. Chembe kubwa zikapeperushwa juu ya paneli, zikadunda, zikaondoka na vumbi laini. Wakapata nyongeza ya wati-saa 30 kwa soli.

Umeme ukipungua, vifaa vinazimwa kwa zamu, hivyo pengo kwenye rekodi za 2022 huenda ni kifaa kilichozimwa. Usiliandike kuwa ni Mirihi iliyotulia. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Hatua ya 9: Anza na matukio haya matatu

Majina ya matukio yanasomeka kirahisi: S, namba ya soli, na herufi ya mpangilio. S0235b ni tukio la pili la soli ya 235.

Anza na S1222a la tarehe 4 Mei 2022, la ukubwa wa 4.7, kubwa kuliko yote yaliyonaswa. Kwenye spektrogramu hulikosi, mwangwi wake ulidumu zaidi ya saa sita. Kisha S0235b, dogo zaidi ila safi, zuri kwa kujifunza kutenganisha P na S.

La tatu ni S1094b. Zidisha 1,094 kwa 1.0275 upate siku 1,124, uhesabu kutoka siku ya kutua: tarehe 24 Desemba 2021. Mwanzoni lilidhaniwa ni tetemeko la kawaida la ukubwa wa 4. Baadaye picha za MRO, chombo kinachoizunguka Mirihi, zikaonyesha kreta mpya ya mita 150 hivi iliyopigwa siku hiyo hiyo na kimondo, na mabonge ya barafu yametawanyika kandokando. Hili lina thamani ya pekee kwako, kwa sababu chanzo chake kinajulikana kwa picha. Kadiria umbali kwa pengo la P na S (kwa kasi za mawimbi za Mirihi, si ile kanuni ya kilomita 8), tafuta kreta kwenye ramani ya Amazonis Planitia, upime umbali wake mpaka ilipotua InSight, digrii 4.5 kaskazini na 135.6 mashariki. Weka namba zote mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na zikitofautiana sana rudi uangalie kwanza ulipoiweka S.